Upepo Unaoinyima Chalbi Mvua

Ukitazama ramani, Chalbi haikustahili kuwa jangwa. Iko digrii tatu tu kaskazini ya ikweta, karibu sawa na mji wa Gulu, Uganda, ambako watu hulima mahindi na ufuta. Lakini hapa, mashariki ya Ziwa Turkana katika kaunti ya Marsabit, ardhi ni tambarare nyeupe ya chumvi na mazigazi hucheza mchana kutwa.

Mwenye kosa ni upepo. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, zikapita kwa kasi kubwa. Zikishatoka kwenye mlango huo hutawanyika, hewa ya juu hushuka, na mawingu hayapati nafasi ya kujijenga. Wanasayansi wa hali ya hewa Kinuthia na Asnani waliueleza mkondo huo wa upepo mwaka 1982. Leo, karibu na Loiyangalani, unazungusha mitambo 365 ya umeme yenye uwezo wa megawati 310.

Zamani Chalbi yenyewe ilikuwa ziwa. Hata sasa, mvua kubwa ikinyesha milimani, maji huteremka na kutuama juu ya chumvi, na magari hukwama kwenye matope. Baada ya muda jua huyanywa yote.

Wapo wanaoiita ardhi tupu. Sikubaliani nao hata kidogo. Wagabra, wafugaji wa hapa, wanaijua nchi hii kwa maji na majani yake. Vilima vya Huri vina nyasi nzuri lakini havina maji ya kudumu. Kalacha na Maikona zina chemchemi na visima, ila malisho ya karibu huisha upesi. Basi mvua ikinyesha mifugo hupanda Huri, na kiangazi kikikaza hurudi visimani. Ngamia, awezaye kukaa siku kumi na zaidi bila kunywa, hupelekwa mbali kuliko mbuzi na ng'ombe. Watu wakihama, nyumba hufungwa juu ya migongo ya ngamia hao hao.

Mpango huo unahitaji njia zilizo wazi, hasa ukame unapozidi. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, mifugo ikafa kwa wingi. Anayechora mipaka mipya au kuchimba kisima kipya Marsabit aanze kwa kuwauliza wazee wa Kigabra ngamia wao hupita wapi.