Kasuku mzee anapotafuta nyumba: mambo ya kuuliza kabla ya kumpokea

Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri huishi miaka 40 hadi 60. Ndiyo maana mara nyingi ndege huyu hubaki nyuma ya mtu aliyemleta nyumbani. Mzee hufariki, mwajiri huhamia ng'ambo, familia huhamia nyumba ya kupanga ambayo majirani hawavumilii kelele, naye kasuku hubaki kwenye kizimba akiita majina ya watu ambao hawapo tena. Hapo ndipo mjukuu, jirani au mfanyakazi wa nyumbani huambiwa, "Mchukue wewe." Wengine husikia habari za ndege kama huyo kupitia kituo cha kutunza wanyama. Kabla ya mkazi yeyote wa kaunti kukubali, yapo mambo anayofaa kuyapima.

La kwanza ni karatasi. Kasuku wa kijivu ni mnyamapori chini ya sheria za Kenya, hata kama alianguliwa ndani ya nyumba na hajawahi kuuona msitu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 hairuhusu mtu kumweka bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Tangu Januari 2017 ndege huyu pia yuko katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa kimataifa wa CITES, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa cha ulinzi, na biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Mwaka 2025, KWS ilitoa kipindi cha msamaha ili waliokuwa na kasuku hawa wajitokeze na kusajiliwa. Kipindi hicho kilishapita. Anayepatikana leo na ndege asiye na karatasi anaweza kushtakiwa, na kusema "nilipewa tu" si kinga.

Kibali hiki hakitolewi na kaunti. Katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ulinzi wa wanyamapori uliachiwa serikali ya kitaifa, ilhali huduma za mifugo na ustawi wa wanyama zikapewa kaunti. Kwa wakazi wa Kakamega hii ina maana kwamba masuala ya kibali hupelekwa KWS, ambayo ina kituo Buyangu, nayo maswali ya afya na matunzo huanzia kwa daktari wa mifugo wa kaunti ndogo. Ikiwa mwenye ndege ana karatasi, yeye na anayetaka kumpokea wafike KWS pamoja kabla ya ndege kuhamishwa. Ikiwa mwenye ndege ameaga dunia, familia itoe taarifa huko kwanza. Kumhamisha ndege leo na kutafuta karatasi mwezi ujao ni kujitafutia kesi.

Wapo pia watu wanaodai kwamba wana kasuku mtu mzima, amezoea watu, na wanachoomba ni "pesa kidogo za matunzo". Huo ni uuzaji. Kasuku wengi wa kijivu walio katika biashara haramu hutolewa misitu ya Kongo, ambako hunaswa kwa ulimbo na kwa kutumia ndege wengine kama chambo, na wengi hufa kabla ya kufika sokoni. Mtu mwenye huruma akilipa ili kumwokoa mmoja kutoka kwenye gunia, pesa zake ndizo zitakazomrudisha mnasaji msituni. Wakazi wa kaunti hii wana sababu ya ziada ya kulijali hilo, kwani Msitu wa Kakamega ndio makao ya mwisho ya kasuku wa kijivu wa porini nchini Kenya, na waliobaki ni wachache mno.

Kwa sababu hiyo hiyo, anayempata kasuku asiye na mwenyewe asimwachilie msituni akidhani anamfanyia wema. Ndege aliyelishwa mkate kwa miaka ishirini hajui kutafuta matunda wala kumkwepa mwewe, na anaweza kuwapelekea magonjwa wale wachache waliobaki. Huko Uganda, kasuku waliokamatwa mikononi mwa walanguzi wamewahi kuachiliwa katika Kisiwa cha Ngamba, Ziwa Viktoria, lakini hiyo ilikuwa kazi ya wataalamu, na ndege walitunzwa na kuandaliwa kwanza. Ndege wa aina hiyo aripotiwe KWS.

Karatasi zikiwa sawa, ndipo swali la pili linafuata: je, nyumba inamfaa?

Umri wake huenda usijulikane kamwe. Kinda wa kasuku wa kijivu ana macho meusi, ambayo hugeuka polepole hadi kuwa ya manjano hafifu anapofikisha mwaka mmoja au miwili. Baada ya hapo hakuna anayeweza kumtazama na kujua kama ana miaka minane au thelathini. Pete ya mguuni wakati mwingine huwa na mwaka wa kuanguliwa. Bila pete, umri unaotajwa na mwenyewe ni makisio tu. Hata kama ni dume au jike si rahisi kujua kwa macho.

Hata hivyo, ndege mzima ana faida moja ambayo kinda hana. Tabia yake tayari inaonekana. Anayetaka kumchukua amtembelee mara kadhaa, kwa saa tofauti, na aende na watu watakaoishi naye. Wapo kasuku wanaowapenda wanaume na kuwauma wanawake, au kinyume chake, na ni afadhali hilo lijulikane mapema. Amtazame kifuani. Kifua kikiwa hakina manyoya lakini kichwa kimefunikwa vizuri, ndege anajinyonyoa mwenyewe, kwa kuwa mdomo wake haufiki kichwani. Chanzo kinaweza kuwa ugonjwa, lishe mbaya au upweke, na pengine manyoya hayo hayatarudi hata akipata matunzo mema. Mkia unaopanda na kushuka kila anapovuta pumzi ni dalili ya kumwona daktari kabla ya mazungumzo mengine.

Aulize pia anasema nini. Kasuku huhama na maneno ya nyumba alikotoka, yakiwemo matusi, na watoto huyashika haraka. Familia nyingine imejikuta ikisikia kikohozi cha babu aliyezikwa kikitoka kwenye kizimba. Wapo wanaofarijika na wapo wasioweza kuvumilia.

Wengine huhofia kwamba ndege mzee hawezi kuzoea watu wapya. Wengi huzoea, ingawa huchukua wiki au miezi, na kasuku huendelea kujifunza maishani. Alex, kasuku wa kijivu ambaye mtafiti Irene Pepperberg alimnunua Chicago mwaka 1977, alifundishwa kwa takriban miaka 30 hadi alipokufa 2007, na alijua maneno zaidi ya 100. Akili ya namna hiyo ikifungiwa peke yake kutwa nzima huharibika. Nyumba ambayo kila mtu hutoka alfajiri na kurudi usiku haimfai, hata kama ina uwezo wa kifedha.

Jikoni ndiko kwenye hatari nyingi. Parachichi, ambalo huku kwetu huanguka chini ya mti bila mtu kulijali, ni sumu kwa kasuku. Vivyo hivyo chokoleti, kahawa, pombe na chumvi nyingi. Moshi wa kuni na wa jiko la makaa humdhuru haraka kuliko binadamu, dawa ya mbu ya kuchoma pia, na mvuke wa sufuria isiyoshika chakula ikiachwa ikaungua unaweza kumuua kwa dakika chache. Chakula chake chenyewe si kigumu kupata: sukuma wiki, terere, karoti, malenge, papai, mahindi mabichi, hata pilipili, kwa kuwa ndege hawahisi ukali wake. Mbegu za alizeti pekee, kama ambavyo wengi hulishwa, humkosesha vitamini A na kalsiamu. Anahitaji pia jua, na usingizi wa saa kumi hadi kumi na mbili mahali penye giza na utulivu, si karibu na televisheni.

Afya ya watu nayo izingatiwe. Kasuku wa kijivu hutoa vumbi jeupe la manyoya ambalo huwasumbua wenye pumu. Anaweza pia kubeba vijidudu vinavyoleta ugonjwa wa mapafu kwa binadamu. Anayeishi na kasuku akipata homa na kikohozi kisichoisha, amweleze daktari kwamba nyumbani kuna ndege.

Madaktari wa mifugo wengi hushughulika na ng'ombe, mbuzi na kuku, na si kila mmoja amewahi kumtibu kasuku. Ni vyema kumpata daktari aliye tayari kabla ya kumpata ndege, na kutenga nauli ikiwa yuko mbali.

Mwisho ni hesabu ya miaka. Mtu wa miaka 50 akimpokea kasuku wa miaka 25, kuna uwezekano mkubwa kwamba ndege huyo atahitaji nyumba nyingine tena. Jina la atakayemchukua lijadiliwe na kuandikwa mapema, na mtu huyo mwenyewe awe amekubali. Akikosekana, kukataa tangu mwanzo na kuwaachia KWS uamuzi kutamwepusha ndege huyo kuhamishwa mara ya tatu.