Mlango Unaokataa Kufungwa

Mwenye nyumba mjini Tabora ananunua mlango wa mbao mwezi wa Agosti. Fundi seremala anautia katika fremu, nao unafungwa bila taabu. Ifikapo Februari, mvua zikiwa zimekolea, mlango ule ule unagoma: unasugua fremu, na kitasa hakikutani na tundu lake. Fundi anarudi na randa, anakwangua ukingo kwa ukarimu, mlango unafungwa. Lakini Septemba ikirejea, ufa wa kupitisha kidole umejitokeza, na vumbi la kiangazi linaingia ndani. Je, kosa ni la nani?

Kabla ya kumlaumu fundi, hatuna budi kuitazama hali ya hewa. Tabora iko kwenye uwanda wa juu, wapata mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mvua zake hunyesha tangu Novemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu. Hewa hubadilika, na ubao hubadilika pamoja nayo.

Ubao umeundwa kwa nyuzi ndefu zilizolala kufuata urefu wa shina. Kuta za nyuzi hizo zina selulosi, ambayo huvuta maji. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, chembechembe za maji hujipenyeza ndani ya kuta, na kuta hunenepa. Hewa ikikauka, maji hutoka, na kuta husinyaa. Kuta zikishashiba, yaani maji yakifikia kiasi cha asilimia 30 ya uzito wa ubao mkavu, ubao hauvimbi tena hata ukizamishwa mtoni. Kwa kuwa nyuzi hunenepa lakini karibu hazirefuki, mlango huongezeka upana, wala si urefu.

Hebu tufanye hesabu. Tuchukue mti ambao upana wa ubao wake hupungua kwa asilimia 6 ukitoka kwenye kushiba hadi kukauka kabisa. Tuseme mlango una upana wa sentimita 90, na unyevu wake umepanda kutoka asilimia 8 wakati wa kiangazi hadi asilimia 13 wakati wa mvua. Hizo ni nyongeza 5 kati ya 30, yaani sehemu moja ya sita. Basi upana utaongezeka kwa asilimia 1, sawa na milimita 9. Fremu iliyoachiwa nafasi ya milimita 3 haiwezi kuupokea mlango huo.

Miti haifanani. Mninga, ambao wanasayansi huuita Pterocarpus angolensis na ambao huota katika misitu ya miombo ya Tabora, unasifika kwa kuvimba na kusinyaa kidogo. Hii ni sababu mojawapo ya mafundi kuupenda.

Ufundi nao una jawabu lake. Katika mlango wa paneli, mbao mbili za wima, kila moja yenye upana wa sentimita 10, hushika paneli zilizochomekwa kwenye mifuo bila gundi. Paneli huvimba ndani ya mifuo yao bila kuisukuma fremu ya mlango. Kinachoongeza upana wa mlango ni zile sentimita 20 tu, na asilimia 1 ya hizo ni milimita 2. Kutoka milimita 9 hadi 2, kwa mbao za mti ule ule!

Tatizo hili ni zito zaidi kwa milango ya kale. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji, ilipitisha pembe za ndovu na watumwa, ikaleta pia mitindo ya ufundi wa pwani. Huko Kwihara, nje kidogo ya mji, lipo tembe walimokaa David Livingstone na Henry Morton Stanley mwaka 1872. Leo ni makumbusho, na lina mlango wa mbao wenye nakshi. Tangu mwaka 2006 njia hiyo imo katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Nakshi ikishakwanguliwa kwa randa, hakuna kiangazi kitakachoirudisha.

Kwa hiyo, tafuta sababu kwanza. Pitisha kipande cha karatasi kati ya mlango na fremu. Kikikwama kwenye pembe ya juu upande wa kitasa tu, huenda bawaba ya juu imelegea: ziba matundu ya skurubu kwa vijiti na gundi, kisha kaza upya. Kikikwama ukingo mzima, na ni msimu wa mvua, ubao umevimba. Ikiwa lazima kupiga randa, ondoa kiasi cha kuufanya mlango upite tu, usizidishe. Kisha, kiangazi kikifika na ubao umekauka, paka rangi pande zote, hasa ncha za juu na chini, ambako nyuzi zilizokatwa hunywa unyevu upesi. Rangi haizuii unyevu kabisa, lakini huuchelewesha.

Utaratibu huu unafaa hata kwa mlango wa mashine ya kufulia nguo. Chomoa waya wa umeme kwanza. Tazama kama nguo imebanwa, kama bawaba imelegea, kama ndoano ya komeo imevunjika au tundu lake limejaa uchafu. Katika mashine nyingi komeo hukazwa na kipande cha metali mbili kinachopinda kikipashwa moto na umeme: huko joto ndilo linalotanua, kama unyevu unavyotanua ubao. Usiunganishe nyaya ili kulipita komeo hilo. Limewekwa kulinda mikono dhidi ya pipa linalozunguka kwa kasi.

Walimu wanaweza kufanya jaribio hili na wanafunzi. Kateni ubao usiopakwa rangi wenye upana wa sentimita 20. Upimeni uzito, upana na urefu mwezi wa Oktoba, kisha tena Februari. Andikeni tofauti, mkokotoe asilimia. Mkimaliza, nendeni mkaupime mlango wa darasa lenu.