Prezida mpya wa AVEC, usibebe funguo zote peke yako

Wamekuchagua prezida wa AVEC, kikundi chenu cha kuweka akiba na kukopeshana. Juma la kwanza unaandika daftari mwenyewe, unahesabu makuta mwenyewe, sanduku linalala kwako. Unafikiri njo kujitoa. Lakini siku malaria itakulaza, ao vita vitakukimbiza, kikundi kinasimama. Na franka zikikosekana, watakuuliza wewe peke yako.

Angalia namna sanduku lenyewe linafungwa. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanachama watatu wasio wa komite. Mwenye kutunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Komite nayo ina watu watano: prezida, mwandishi, mtunza sanduku na wahesabu makuta wawili. Njia hii ilianzia Niger mwaka 1991. Kugawa kazi hivi kunalinda mali ya wote, na kunamlinda kiongozi pia.

Sasa utagawa kazi namna gani? Mbele ya wanachama wote, sema kazi ya kila mtu ni gani na inaishia wapi. Mara ya kwanza, kaa kando yake. Akikosea hesabu, usimnyang'anye kalamu: hesabuni tena pamoja, yeye mwenyewe asahihishe. Mkutano unaofuata, nyamaza.

Kisha siku moja toa habari kwamba hautafika. Kama sanduku limefunguliwa, hesabu zikatoka sawa na likafungwa bila wewe, basi unaongoza kweli.