Unyevu Uliofichwa Chini ya Rangi

Ndugu Waislamu, dini yetu imesisitiza usafi, na sakafu ya nyumba ndipo tunaposujudu. Katika miji yetu ya pwani, kama Mombasa na Unguja, wengi hupaka rangi sakafu ya zege, na masika yakipita huiona imefanya malengelenge na kubanduka. Hulaumiwa rangi, kumbe aghalabu ni maji yapandayo kutoka ardhini kwa vitundu vidogo vya zege.

Basi yatupasa tupime kwanza. Tutandaze kipande cha nailoni, sentimita 45 kila upande, tuzibe kingo zake kwa utepe, tukiache kwa saa 16 au zaidi. Tukikuta matone chini yake, au zege limekoza weusi, tusipake. Zege jipya lingojewe walau siku 28. Na ajengaye atandike nailoni nzito juu ya ardhi kabla ya kumwaga zege.

Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika chungu ya chakula sokoni, akakuta umajimaji chini, akamkemea muuzaji kwa kuuficha. Fundi apakaye rangi juu ya unyevu, naye anajua, na ajipime kwa hadithi hiyo.