Namwogopa au namwogopea?

Jirani yangu mmoja hapa Pasua ni kijana anayepandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Jioni moja alinijia uso umemshuka. Aliniamkia, akaketi, akanieleza kwamba mgeni wake, mama wa makamo, alianza kuumwa kichwa na kutapika wakiwa juu. Kijana akataka kumshauri wateremke, akamwambia: "Madam, I am afraid of you." Yule mama akamkodolea macho, kisha akaenda kumtafuta kiongozi mwingine.

"Mwalimu, nilikosea wapi?"

Nikamjibu kwamba alimwambia mgeni, "Mama, ninakuogopa." Alichokusudia ni "afraid for you", yaani ana hofu kwa ajili yake. Na maradhi ya hewa nyembamba ya kule juu hayangoji watu waelewane kwanza.

Kosa lile si la ujinga. Sisi tofauti hiyo tunaibeba ndani ya kitenzi. Namwogopa simba, lakini namwogopea mtoto anayevuka barabara. Kauli ya kutendea imemaliza kazi. Kivumishi cha Kiingereza hakina mkia wa namna hiyo. Chenyewe hakibadiliki, na maana hubebwa na kihusishi kinachokifuata. Ndivyo ilivyo pia kwa "nimekuchoka" na "nimechoka kwa safari". La kwanza ni "tired of", la pili ni "tired from". Mpagazi anayetua mzigo kambini na kusema "I am tired of this journey" amesema safari imemchosha moyo, hali yeye alitaka kusema miguu tu.

Mtego mwingine ni hii "na" yetu, ambayo tunaitwisha kila mzigo. Kwa kuwa tunasema "tofauti na" na "ameolewa na", vijana huandika "different with" na "married with". Mwingereza husema "different from" na "married to". Ukimwambia "she is married with", atangoja umalizie "two children", maana kwake hayo ni maelezo ya mwanamke mwenye mume na watoto. Wako Waingereza wasemao "different to", na Wamarekani wasemao "different than", lakini kwenye mtihani "from" haina ubishi.

Msiniulize kwa nini ni "interested in" lakini "keen on". Hapo hakuna kanuni ya kukutoa, ni mazoea ya wenye lugha. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, naye anakaririshwa vivumishi vikiwa peke yake kama kuku waliotengwa na vifaranga. Ni afadhali aandike "good at" kwa hodari wa jambo, "good for" kwa chenye manufaa, na "good to" kwa mtu anayewatendea wenzake wema, kila kimoja na mstari wake. Kamusi ya Oxford ya wanafunzi, iliyoanzishwa na A. S. Hornby, huonyesha kihusishi pamoja na kivumishi chake. Wengi wetu huifungua kutafuta maana tu na kuifunga.

Kijana wangu amekwisha kununua daftari. Mstari wa kwanza nimemwandikisha "worried about", kwa sababu mbele ya mgonjwa hata Mwingereza angeanza na hiyo kabla ya "afraid for".