Húsavík: Mji unaoishi kwa nyangumi aliye hai

Kabla ya kupanda boti, kila abiria anapewa ovaroli nzito ya kumfunika kuanzia shingoni hadi miguuni. Na hapo ni Julai, tena jua linawaka. Boti ikishatoka bandarini tu, upepo wa kutoka upande wa Aktiki unamweleza kila mtu kwa nini alipewa.

Huu ni Húsavík, mji wa wavuvi kaskazini mwa Iceland wenye wakazi wasiofika 3,000. Kila kiangazi, wageni wanaopita hapo ni wengi kuliko wenyeji kwa mbali. Wanalipa kukaa baharini kama saa tatu hivi, wakitetemeka, ili wamwone nyangumi.

Kwa nini huko kwenye baridi?

Jibu ni chakula. Ghuba ya Skjálfandi, iliyo mbele ya mji, inapokea maji ya mito mikubwa miwili yanayobeba virutubisho. Wakati wa kiangazi jua karibu halizami kabisa. Mwanga ukiwa mwingi namna hiyo, mimea midogo sana inayoelea baharini huzaliana kwa kasi. Viumbe vidogo jamii ya kamba huila mimea hiyo, samaki wadogo nao wanafuata, na nyangumi anakuja kufagia wote.

Watu wa Watamu na sehemu nyingine za pwani ya Afrika Mashariki nao huwaona nyangumi nundu, hasa kati ya Julai na Oktoba. Lakini wale ni kundi jingine kabisa. Wanatoka Antaktika na kuja kuzaa na kunyonyesha kwenye maji ya uvuguvugu, na muda wote huo hawali karibu chochote, wanaishi kwa mafuta waliyojiwekea mwilini. Wa Iceland huzaa mbali kusini, visiwa vya Karibi au Cape Verde, kisha hupanda kaskazini kula.

Yaani Watamu unamkuta mama yuko kwenye malezi, Húsavík unamkuta yuko mezani. Na anayekula hana haraka ya kuondoka, ndiyo maana boti za Húsavík huwapata mara nyingi kiasi hicho.

"Saa tisa" ni upande gani?

Kazi kubwa hufanywa kwa macho. Nyangumi si samaki, anavuta hewa kama sisi, kwa hiyo lazima aje juu. Akipumua, mvuke unaruka mita kadhaa na kuonekana kama moshi mweupe juu ya maji. Ndege wengi waliokusanyika mahali pamoja nao ni dalili kwamba chini kuna samaki.

Mwongozaji akimwona, anataja upande kwa kutumia uso wa saa: 12 ni mbele ya boti, 3 ni kulia, 9 ni kushoto. Hapa anayefikiri kwa Kiswahili ajihadhari. Akisikia "nine o'clock" na kichwa chake kikatafsiri haraka kuwa saa tatu, atageukia kulia wakati wenzake wote wanapiga picha kushoto.

Baada ya hapo ni kusubiri. Nyangumi nundu hupumua mara chache, anakunja mgongo, anainua mkia na kuzama, mara nyingi kwa dakika tano hadi kumi. Mkia huo ndio kitambulisho chake. Madoa meupe na meusi ya upande wa chini hayafanani kati ya nyangumi mmoja na mwingine, na watafiti wa kituo cha Chuo Kikuu cha Iceland kilichopo mjini hapo huyatumia kujua nani amerudi mwaka huu.

Mwenye bahati, hasa mwezi Juni, anaweza kukutana na nyangumi buluu, mnyama mkubwa kuliko wote waliowahi kuishi duniani. Asiye na bahati anarudi na picha za mawimbi. Bahari si bustani ya wanyama.

Boti za wavuvi zilipata kazi mpya

Biashara hii ilianza Húsavík mwaka 1995, kwa boti ya zamani ya uvuvi ya mbao za mwaloni iliyokarabatiwa. Boti kama hizo zilikuwa zimepitwa na wakati, nyingi zikiishia kuvunjwa. Leo ndizo sura ya bandari. Mwaka 1997 mji ukapata na makumbusho ya nyangumi, ambayo sasa yako kwenye jengo lililokuwa machinjio.

Na machinjio yenyewe hayajaisha. Iceland ilirudi kuwinda nyangumi kibiashara mwaka 2006, licha ya marufuku ya kimataifa iliyoanza mwaka 1986. Mwaka 2022 pekee, waliuawa 148 wa aina ya pili kwa ukubwa duniani. Mwaka 2023 serikali ilisimamisha uwindaji huo kwa zaidi ya miezi miwili, baada ya ripoti kuonyesha kwamba baadhi walichukua muda mrefu kufa. Mwaka huo waliuawa 24. Desemba 2024 vikatolewa vibali vipya vya miaka mitano, ingawa kiangazi cha 2024 na cha 2025 vilipita bila aina hiyo kuwindwa.

Uwindaji huo haufanyiki kwenye ghuba ya Húsavík. Lakini nyangumi hawajui mipaka, na waendesha boti za watalii hawataki mnyama aliyejifunza kuogopa injini. Kinachoshangaza zaidi ni kwamba sehemu ya nyama ya nyangumi inayouzwa kwenye migahawa ya Iceland imekuwa ikiliwa na watalii wenyewe, eti waonje.

Boti nazo zina lawama

Kelele za injini humsumbua nyangumi, na zaidi pale boti nyingi zinapomzunguka mmoja. Chama cha kampuni za kutazama nyangumi nchini humo, IceWhale, kina mwongozo: punguza mwendo, usimkimbize, usimzibie njia. Ila mwongozo ni mwongozo tu, mengi yanabaki mikononi mwa nahodha. Tangu 2015 ghuba hiyo ina pia boti ya matanga yenye mota ya umeme, inayoweza kusogea karibu kimya.

Kwa hiyo anayekata tiketi ana haki ya kuuliza: boti inatumia injini gani, na nahodha hufanya nini akikuta wenzake watatu wameshafika? Kidonge cha kichefuchefu nacho kimezwe kabla ya boti kutoka. Ukishaanza kutapika, umechelewa.