Kiwanda Kidogo cha Bia: Kwa Nini Mfanyakazi Huondoka, na Sheria Inasemaje

Kiwanda kidogo cha bia huendeshwa na watu wachache. Mmoja hupika, mwingine husafisha matangi, wengine hujaza chupa na kupeleka mzigo kwa wateja. Mpishi ndiye anayejua kimea kiloweshwe katika maji ya joto kiasi gani, na hamira ikizembea afanye nini. Mengi ya hayo yako kichwani mwake tu. Akiondoka ghafla, mteja ndiye wa kwanza kugundua kwamba ladha imebadilika.

Ni kweli kwamba mwekezaji mdogo hawezi kushindana na kampuni kubwa kwa mshahara. Hata hivyo, kinachomwondoa mtu mara nyingi ni kukosa uhakika wa kesho. Kuna wanaofanya kazi mwaka mzima wakiitwa vibarua, wakilipwa kwa siku. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu hali hiyo. Kibarua akifanya kazi mfululizo hadi siku zake zifike mwezi mmoja au zaidi, kazi yake huhesabiwa kuwa ya mkataba wa mwezi, na kuisimamisha kunahitaji notisi ya siku 28 kwa maandishi. Ajira ya miezi mitatu au zaidi ni lazima iandikwe, na jukumu la kuandaa mkataba huo ni la mwajiri.

Jambo jingine linaloleta ugomvi ni bia iliyoharibika. Tangi zima likichacha vibaya, hasara ni kubwa, na mwenye kiwanda huona ni haki kumkata mpishi mshahara. Sheria inamruhusu kukata kiasi cha haki pale tu mfanyakazi alipoharibu mali kwa makusudi. Joto la tangi likipanda kwa sababu umeme ulipotea usiku, hilo si kosa la mpishi.

Usalama nao usichukuliwe kwa wepesi. Bia inapochachuka hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo ni nzito kuliko hewa na hutulia chini ya tangi. Haionekani. Anayeingia kusugua tangi bila hewa kupitishwa kwanza na kupimwa anaweza kuzirai na kufa, na anayekimbilia kumwokoa akaanguka juu yake. Asiingie mtu peke yake. Dawa za kusafishia matangi huunguza ngozi na macho, kwa hivyo glavu, buti na miwani ya kujikinga hutolewa na mwajiri. Mfanyakazi hapaswi kujinunulia.

Mfanyakazi aliyetimiza mwaka anastahili likizo ya siku 21 za kazi kwa malipo kamili. Panga likizo mapema, na mpishi awe na msaidizi anayejifunza, huku vipimo vya kila mapishi vikiandikwa daftarini. Wapo wanaohofia kwamba msaidizi akishajua ataondoka. Anaweza kuondoka, lakini kiwanda kinachomtegemea mtu mmoja husimama siku akiugua malaria.

Wanaoshika vyakula na vinywaji wapimwe afya na wawe na cheti. Ulizia katika ofisi ya afya ya umma iliyo karibu nawe. Malalamiko ya mshahara, notisi au mkataba hupelekwa kwa afisa wa leba wa serikali ya kitaifa. Mwajiri pia anaweza kumwendea kwa ushauri kabla mzozo haujatokea.